Kuukinga umio wakati moyo unachomwa

Kifaa kinachonivutia kuliko vyote katika usalama wa matibabu ya moyo ni mpira laini wa silikoni unaopitishwa kooni, kama ule wa kulishia wagonjwa.

Mwaka 1998, Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kwamba mvurugiko wa mapigo katika chemba za juu za moyo mara nyingi huchochewa kutoka kwenye vena za mapafu. Tangu hapo madaktari huchoma tishu zinazozunguka midomo ya vena hizo kwa katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa damu hadi moyoni, inayotoa joto la mawimbi ya redio. Hatari ni kwamba umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, umepita nyuma ya chemba ya juu ya kushoto, milimita chache tu kutoka ncha ya katheta. Joto likipenya hadi huko, umio unaweza kutoboka wiki kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa keshatoka hospitali. Hewa na vijidudu huingia kwenye damu, naye hurudi akiwa na homa au kiharusi. Hutokea kwa nadra sana, lakini wengi wanaopatwa hufariki.

Kinga iliyozoeleka ni kipimajoto kinachowekwa ndani ya umio. Umio, hata hivyo, ni mpana na bapa, kwa hiyo kipimajoto kikiegemea upande mmoja, upande mwingine unaweza kuungua bila namba ya kwenye skrini kupanda. Isitoshe, joto huendelea kuongezeka kwa muda hata katheta ikishazimwa. Kwa maoni yangu, king'ora kinacholia wakati tishu imeshapata moto hakitoshi kuitwa kinga.

Mpira nilioutaja ulibuniwa kwanza kwa ajili ya kudhibiti joto la mwili. Maji baridi huingia kwa njia moja na kurudi mashineni kwa nyingine bila kumgusa mgonjwa, na tundu la katikati hubaki wazi kwa ajili ya kutoa yaliyomo tumboni. Ukuta wa umio hupozwa muda wote, na daktari halazimiki kusimamisha kazi kila mara. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliuruhusu kutumika kupunguza majeraha haya.

Mwishoni mwa mwaka huohuo iliidhinishwa pia katheta ya mipigo mifupi ya umeme, ambayo huua seli za moyo bila kutegemea joto na huudhuru umio kwa kiasi kidogo mno. Hospitali nyingi, hata hivyo, bado zinatumia mashine za joto, na katika hizo ningetaka umio uanze kupozwa kabla katheta haijawashwa.