Camaro ya 1/25: stika zimekufa, mpango umegeuka

Leo ilikuwa niionyeshe modeli yangu ya plastiki, ndogo mara 25 kuliko gari halisi: Chevrolet Camaro ya 1969, ile ya duka la Yenko, ikiwa na mistari yake yote. Haipo. Stika, zile za kulowekwa majini kabla ya kubandikwa, zilikaa kabatini tangu dada alipoleta boksi kutoka Marekani, na kwa unyevu wa Dar nilipozitia majini zikakatika vipande kama karatasi ya sigara. Ule mstari mrefu wa ubavuni uling'ang'ania kidole changu. Mlangoni haukufika hata robo yake.

Nilikaa siku mbili bila kugusa meza, nikilaumu mvua.

Halafu nikakumbuka La Harpe.

Kwa aliyejiunga sasa: miaka ile ya 1960, General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, ilikataza Camaro na magari mengine yasiyo makubwa kutoka kiwandani na injini inayozidi inchi za ujazo 400, yaani kama lita 6.6. Wenye maduka ya magari wakatafuta njia. Don Yenko wa Canonsburg, Pennsylvania, alianza 1967 kwa kung'oa injini ya kiwandani na kupachika ya inchi 427, lita 7.0. Chicago walikuwepo Nickey kwa upande wa Chevrolet na Mr. Norm kwa upande wa Dodge; Long Island kulikuwa na Baldwin-Motion. Unaingia dukani na pesa yako, unatoka na gari la kwenda moja kwa moja uwanjani kwenye mbio za robo maili. Yenko ndiye aliyeng'ara zaidi, kwa sababu ya ile mistari. Na mimi mistari sina.

Fred Gibb hakuhitaji mistari. Alikuwa na duka la Chevrolet La Harpe, mji mdogo wa mashambani huko Illinois, na mshirika wake kwenye mbio alikuwa Dick Harrell. Kwa msimu wa 1969 aliagiza Camaro 50 zenye injini ya ZL1: 427 ile ile, lakini bloku na hedi zote ni za alumini, injini iliyotengenezwa kwa ajili ya Can-Am, mbio za magari za Marekani na Kanada. Hamsini ni kwa sababu gari lisipofika idadi hiyo halikubaliwi kwenye daraja la mbio alilolitaka. Karatasi iliyopitishia oda yake inaitwa COPO (Central Office Production Order, oda maalumu ya ofisi kuu), na kwa kawaida ilitumika kuagizia teksi na magari ya polisi.

Kwa hiyo nimebadilisha. Gari langu sasa ni ZL1 ya Gibb.

Bodi nilikuwa nimeshaipiga rangi ya chungwa. Nimeiloweka usiku kucha kwenye mafuta ya breki, ndani ya beseni ambalo mama watoto bado analiulizia. Asubuhi rangi ilikuwa inabanduka kama ganda la yai la kuchemsha. Mswaki wa zamani ukamaliza kazi. (Vaeni glavu. Mimi sikuvaa, na vidole vilikauka wiki nzima.) Praima ya kijivu, msasa namba 1000 kwa maji, kisha bluu ya metali, kwa sababu ZL1 mbili za kwanza zilizofika kwa Gibb, siku ya mwisho ya 1968, zilikuwa za bluu.

Injini ndiyo imenila muda. Ile ya Yenko ni ya chuma, na Chevrolet waliipaka rangi ya chungwa. ZL1 inabaki alumini tupu. Nimepuliza fedha isiyong'aa, kisha nikachovya brashi kwenye wino mweusi uliozimuliwa na maji, nikaacha ujiingize wenyewe kwenye mikunjo. Ukipangusa juu kwa pamba, wino unabaki chini, na kila boliti inajitokeza. Manyifoldi za ekzosi nimezipa kahawia ya chuma kilichoungua, maana hizo hazikuwa alumini. Nyaya nane za plagi nimezitoa kwenye nyuzi za spika za masikioni zilizokufa. Wa saba ulinishinda mara nne. Nilikuwa nauingiza kwa kibano, naushika, napumua, unaruka.

Kiasi hicho cha kazi kwa kitu kitakachofunikwa na boneti! Lakini Gibb naye alifunika. Injini peke yake iliongeza zaidi ya dola 4,100 kwenye bei, wakati Camaro ya kawaida ya V8 haikufika 3,000. Bili zilipomfikia hazikuwa zile alizotarajia; zaidi ya dola 7,000 kwa gari moja, nani La Harpe angenunua hamsini? Nyingi zilirudi Chevrolet zikagawiwa maduka mengine. Zote zilizotengenezwa ni 69. Kwenye karatasi ziliandikwa nguvu za farasi 430, namba ambayo hakuna fundi wa uwanjani aliyeiamini; ukiivua ekzosi ya kiwandani na kuivalisha matairi laini ya mbio, ilimaliza robo maili kwa sekunde kumi na moja na ushee.

Jana nimefunga magurudumu. Ringi za chuma, kofia ndogo katikati, hakuna beji inayosema kilichomo ndani. Mpwa wangu akaja, akaliinamia.

"Mjomba, hili la polisi?"

Nikacheka mpaka nikaliweka chini. Kidogo tu angekuwa sahihi.

Tukapima pamoja. Robo maili ni mita 402. Kwa kipimo cha 1/25 inakuwa mita 16 na kidogo, kutoka kizingiti chetu hadi mlango wa mama Rehema. Mpwa amechora mstari wa chaki kila upande na amefunga uzi kwenye bampa ya mbele. Nimemkataza asivute hadi gundi ya ekseli ya nyuma ikauke. Imebaki saa sita, na amekaa pale pale kwenye mstari wa kuanzia.