Daftari langu la mgongo wazi

Mimba ilikuwa na wiki 23 nilipoenda kupiga altrasaundi. Daktari alikodolea skrini muda mrefu, akaandika, akanipa karatasi: "Mtoto ana mgongo wazi. Nenda hospitali kubwa." Basi. Nilikaa kwenye benchi la nje hadi kigiza kikaingia.

Kule Mbagala maneno yakawa mengi. Mama mkwe aliniuliza kama niliwahi kumcheka mlemavu. Jirani akasema ni mkono wa mtu. Mume wangu alinyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikoniumiza zaidi.

Aliyenituliza ni muuguzi wa kliniki niliyopewa rufaa. Alifunga mlango, akataka baba wa mtoto naye aketi. Akatueleza kuwa mgongo wazi ni uti wa mgongo ambao haukujifunga vizuri, na kwamba hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutunga, wakati wanawake wengi hata hawajajua kama ni wajawazito. Mimi nilianza kliniki mwezi wa nne na vidonge nilimeza vyote; kumbe vile vya asidi ya foliki, vitamini inayosaidia kuzuia mgongo wazi, huanzwa kabla ya kushika mimba. "Hakuna uliyemkosea, mama," akaniambia. Mume wangu alilia palepale.

Siku ya pili nilikwenda na daftari la maswali. Atatembea? Inategemea uwazi uko juu au chini. Ukiwa chini, matumaini ni makubwa, pengine kwa msaada wa vyuma vya miguuni. Akili yake? Watoto wengi wanasoma vizuri, ila maji yakijaa kichwani yasipotibiwa huharibu ubongo. La mkojo sikuliwaza kabisa, yeye ndiye aliyelileta. Wengi wao kibofu hakijimwagi chenyewe, hivyo mzazi hufundishwa kuutoa mkojo kwa mpira mwembamba mara kadhaa kwa siku, figo zisiharibike. Kwangu mimi, hili kila mama aambiwe mapema. Mgongo kila mtu anauona. Figo hakuna anayeziona.

Kisha akanikutanisha na mama wa Temeke na binti yake wa miaka 7. Mtoto akaja na vyuma vyake, akanipa shikamoo, akarudi kuchora. Usiku ule nililala.

Tukapanga. Upasuaji wa kufunga mgongo hufanyika MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, na unatakiwa siku za mwanzo kabisa, kwa hiyo wiki ya 36 nilihamia kwa wifi yangu Magomeni. Nilijua mtoto atalazwa kifudifudi, uwazi ufunikwe kwa shashi safi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali. Nilijifungua kwa upasuaji. Naye akafungwa mgongo siku ya pili.

Sasa ana miezi minane. Kila Jumapili mama mkwe humpima mzunguko wa kichwa kwa futi ya fundi cherehani, tuone kama maji yanajaa, ananitajia namba, nami naiandika daftarini.