Saa moja angani: siku yangu nikiuza tiketi za ndege Dodoma

Saa 12:30 asubuhi. Simu ya kwanza ni ya mzee wa Kongwa anayekwenda kutibiwa Dar. "Mbukwa, mwanangu. Hiyo ndege inachukua muda gani?" Namjibu: kama saa moja angani, lakini tenga nusu siku. Swali hili naulizwa kuliko bei, na nalipenda, maana jibu lake linaamua mtu atalala wapi usiku ule.

Saa 2:00. Nafungua ofisi, naangalia kama kuna ratiba iliyobadilika. Hakuna.

Saa 3:15. Kijana wa chuo kapima kwenye ramani ya simu: Dodoma hadi Dar ni kilomita kama 390 kwa mstari ulionyooka, na ndege ya mapangaboi aina ya Q400 hukimbia karibu kilomita 660 kwa saa. "Dada, hiyo ni dakika 35. Mbona tiketi inasema saa nzima na ushee?" Hesabu yake ni sahihi, ila muda wa kwenye tiketi huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na kuisha inapoegeshwa upande wa pili. Humo kuna kutembea hadi njia ya kurukia, kupanda juu, kushuka, na kusubiri zamu ya kutua Dar. Ile kasi kamili inadumu kidogo tu. Ndiyo maana Mwanza, iliyo kilomita kama 520 kutoka hapa, iko mbali zaidi kwa theluthi moja lakini kwa kasi hiyo inaongeza dakika kama 12 tu.

Saa 5:00. Watumishi wawili kutoka Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, wana kikao Posta, katikati ya Dar, kesho. Tangu SGR, reli mpya ya kisasa kutoka Dar, ifike Dodoma mwaka 2024, siwezi kumshauri mtu bila kuitaja. Treni ya haraka hutumia kama saa tatu na nusu na kukushusha katikati ya jiji. Kwa ndege, weka saa moja na nusu ya kuwahi uwanjani, saa moja ya safari, kisha foleni ya Barabara ya Nyerere. Mlango kwa mlango, zinakaribiana. Mwenye shughuli Kariakoo au Posta namwambia apande treni, hata kama tiketi hiyo siuzi mimi. Anayeunganisha ndege nyingine palepale Dar, apande ndege.

Saa 8:00 mchana. Mama anayemfuata binti yake Johannesburg anafurahi kwamba kutoka Dar ni saa mbili na nusu. Namwonyesha: saa za kule ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na tiketi huandika saa za kila mji. Safari yenyewe ni saa tatu na nusu. "Basi nibebe chakula," anasema, na ni uamuzi mzuri.

Saa 11:00 jioni. Natuma ujumbe kwa wanaosafiri kesho. 13:10 naiandika pia saa 7:10 mchana, asije mtu akachelewa. Kwa sasa uwanja wetu uko mjini kabisa, bodaboda ya Area D inafika mara moja. Safari zikihamia uwanja mpya wa Msalato, nje ya mji, itabidi niwaongezee wateja muda wa barabarani.