Riwaya yangu ya kwanza ilivyosomwa kwenye simu, na mkonge ukaniumbua

Mwaka jana, mwezi wa tatu, nilituma faili la kurasa 212 kwa watu 43. Orodha niliikusanya wiki nzima: niliosoma nao, wateja wa dukani, binamu zangu walioko Dar, shoga yangu wa Muheza. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Hii ni riwaya yangu ya kwanza, naomba uisome unipe maoni." Dole gumba zilimiminika usiku uleule. Kurasa 212, dakika tano! Miezi miwili baadaye nikafuatilia, nikakuta waliomaliza ni watatu, mmoja wao mama yangu, naye alisomewa na mdogo wangu.

Mimi ni keshia wa duka la vifaa vya ujenzi, Ngamiani. Kuandika naandika usiku, nyumbani Makorora, watoto wakishalala, kwenye simu hiihii maana kompyuta sina. Hapa Tanga ukisema unaandika, watu wanakutajia Shaaban Robert kabla hujamaliza sentensi. Kazaliwa hapahapa, Vibambani, 1909, na alikuwa karani wa forodha, ndiyo maana shangazi yangu hupenda kusema karani na keshia ni ndugu. Maneno matamu hayo, ila hayakuambii kama sura yako ya tatu inachosha.

Hadithi yenyewe inamhusu kijana anaitwa Bukuru, katoka Kigoma mwaka 1958 kuja kufanya kazi ya manamba, kibarua wa mkataba, kwenye shamba la mkonge karibu na Korogwe. Babu yangu mzaa mama alikuja hivyohivyo. Alifariki nikiwa darasa la pili, hakunisimulia chochote, kwa hiyo mengi niliyatunga.

Aliyenifungua macho kuhusu lile faili ni shoga yangu. "Simu yangu ndogo, shoga. Nikiyakuza maneno yanatoka nje ya kioo, nikiyapunguza siyaoni." Nikaachana na faili. Nikafungua kundi la WhatsApp, wakaingia watu 31, nikawa naweka sura moja Jumatatu na nyingine Alhamisi, saa tatu usiku, watu washakula. Maneno kama 1,200 hivi, yamebandikwa moja kwa moja, hakuna cha kupakua. Sisi wasomaji wa Kiswahili hadithi za mfululizo tumezizoea tangu magazetini, tunajua "itaendelea" inakaa wapi: pale mlango unapogongwa na hatujui nani anagonga.

Maoni yakaja kwa wingi. "Moto!" "Hongera dada." "Lete nyingine, tunakufa huku." Nilitembea nimevimba kichwa kama wiki tatu. Halafu usiku mmoja nikakaa kurekebisha sura ya tatu, nikayapitia maoni yote, sikupata hata moja la kunishika mkono. Watu wetu hawawezi kukwambia mbele za watu kwamba hadithi yako inachosha. Ni kama kumwambia mwenye shughuli kuwa pilau lake halijaiva. Utalila, utashukuru, utaondoka.

Nikahamia kwa mtu mmojammoja, pembeni, na swali nikalibadili. Ukiuliza "umeionaje?" jibu ni "nzuri". Mimi nikawa nauliza: "Jana uliishia wapi?" Hapo ndipo mambo yakaanza kutoka. Dada mmoja akaniambia aliishia pale Bukuru anapoikumbuka Kigoma. "Nikaenda kuepua maharage, sikurudi." Wengine watatu, hawajuani, waliishia palepale. Zilikuwa kurasa mbili nzima za ziwa, dagaa na mwanga wa karabai, na kusema kweli ndizo nilizozipenda kuliko zote. Nikazifuta, nikabakiza mistari minne. Mwingine akauliza kwa nini Salima anapika huku yuko msibani. Kumbe nilikuwa na Salima na Salma. Salma akawa Mwanahamisi, kazi ya dakika moja.

Sasa nije kwa mzee. Huyu ni mjomba wa shoga yangu, yuko Muheza, ana miaka themanini na ushei, na ujanani alifanya kazi korona. Kwa msio wa huku: korona ni ile mashine inayoponda majani ya mkonge na kuyatoa nyama, zikabaki singa, yaani nyuzi, za kwenda kuanikwa. Mzee haandiki, anatuma sauti. Nilipoweka sura ya tisa, saa nne usiku ikaingia sauti yake ya dakika sita, nami nikampigia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, huyo Bukuru mkonge wake kaukata lini?"

"Jumatatu, mzee."

"Na korona umeingia lini?"

"Jumamosi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Jumamosi! Mwanangu, mkonge ukishakatwa haungoji harusi. Umekatwa leo, kesho uwe umeingia korona. Ukiulaza juani siku tano unakauka, nyama inagandana na singa, unatoa takataka. Msimamizi angekufukuza wewe na huyo Bukuru wako."

Nilicheka naye, lakini nilikata simu moyo umenishuka. Hadithi yangu ilikuwa imesimama juu ya zile siku tano. Bukuru anaiba pesa ofisini, anazificha ndani ya fungu la majani, fungu linalala kando ya reli ya troli, na ndani ya siku hizo anapendana na Salima, anapigana na mnyapara, anaugua homa, anapona. Sura nne. Kwanza nikakasirika: hii si riwaya tu, nani atajua? Siku mbili sikumpigia. Ila nikawa kila nikisoma nasikia kile kikohozi.

Siku ya tatu nikampigia, safari hii nina kalamu. Akanieleza majani yanavyofungwa 30 kwa fungu, na mwiba wa ncha unavyokatwa kwanza la sivyo utatoboa mwenzio. Akanieleza kipande, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi: siku 30 ni za kazi, siku usiyokwenda shamba haihesabiwi, kwa hiyo "mwezi" wa manamba ungeweza kuvuka mwezi wa kalenda. Mimi nilikuwa nimemlipa Bukuru tarehe 30 kama mtumishi wa serikali!

Siku tano zikawa usiku mmoja. Bukuru sasa ana giza tu, mpaka troli ije alfajiri, kulitafuta fungu lake kati ya mamia ya mafungu yanayofanana, na anapapasa kwa mikono maana akiwasha kibiriti ataonekana. Homa nikaitoa, ugomvi na mnyapara nikaurudisha nyuma kabla ya wizi. Sura nne zikawa mbili. Fungu lenyewe Bukuru halipati. Troli inaondoka, pesa zinaingia korona pamoja na mkonge. Mwisho huo sikuufikiria kabisa kabla. Siku tano zisingenifikisha hapo.

Kundini nikasema ukweli kwamba nafuta sura tatu zilizofuata, tunarudi ya tisa. Watano wakajitoa. Kijana mmoja akaandika hajawahi kuona hadithi inapiga rivasi. Haya.

Wizi nao nikaupata, wa kweli. Jirani alinionyesha sura yangu ya sita kwenye simu yake, jina la mwandishi jingine, chini yake namba ya kutuma shilingi 1,000 upate iliyobaki. Nilijua ni yangu bila shaka yoyote: Salma bado alikuwemo. Mwizi alichukua toleo la zamani, masikini. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inailinda kazi tangu inapoandikwa, ila kamwambie hilo mtu aliyekwisha kukublok. Nilichofanya, sura sita za mwisho sikuziweka kundini. Nilizituma kwa watu 11 tu, wale waliokuwa wakinijibu swali la "uliishia wapi", na rasimu zote nazihifadhi na tarehe zake.

Mzee macho yalianza kuuma kwa kioo cha simu. Nikaenda stesheneri nikatoa nakala moja, maandishi makubwa, wakaibaindi, nikampa shoga yangu akampelekea. Nilimwambia achore popote. Ijumaa iliyopita kurasa za kwanza zikarudi kwa picha. Kachora kwa wino mwekundu, mwandiko wa zamani uliolala kulia. Ukurasa wa 58 ana alama ya vema. Ukurasa wa 61, Bukuru anapopanda treni Korogwe kuja Tanga, kaandika pembeni: "Pesa si zimesagwa? Nauli kalipa nani?"

Tangu Ijumaa natafuta jibu. Shangazi anasema kalipa Salima. Salima huyo ndiye nilimuuzisha pete sura ya pili, na kasoro hiyo bado hakuna aliyeiona.