Ngano Nilizoziruka

Mara ya kwanza niliposoma The Left Hand of Darkness, riwaya ya Ursula K. Le Guin ya mwaka 1969, niliziruka ngano zake. Kisa cha mjumbe Genly Ai kilikuwa kimenikamata: ametumwa peke yake kwenye sayari ya barafu iitwayo Gethen, awashawishi wenyeji wajiunge na walimwengu wengine. Kila mambo yanapopamba moto, sura inakatika, naletewa kisa cha kale cha watu nisiowajua. Nikawa nafunua mbele.

Mwezi huu nimeisoma tena polepole.

Ngano ya kwanza iko sura ya pili. Gethen hakuna mume wala mke. Watu hupata kemmer, siku chache za kutamani na kutungisha, kila mwezi, na yeyote anaweza kuzaa. Ndugu wawili wa tumbo moja wamependana na kula kiapo cha maisha. Nilitazamia kosa liwe lile pendo. Silo. Ndugu wanaruhusiwa, ila mtoto akipatikana sharti waachane, na kiapo cha maisha hawaruhusiwi kamwe. Aliyebeba mimba anaamriwa amwache mwenzake, anakunywa sumu. Aibu ya kujiua anabebeshwa aliyebaki, Getheren. Anafukuzwa, na kabla ya kuondoka analiacha jina lake pale kwao, kama mtu anayeweka mzigo chini, kisha anaelekea barafuni bila jina. Miaka mingi baadaye anapata habari kwamba tangu siku ile kwao hakujaneemeka. Analichukua tena jina lake, na anakufa.

Hakuna anayenieleza jina ni nini kwa watu hawa. Msimuliaji anazungumza na watu wa kwao, wanaojua. Ndivyo Bibi alivyotusimulia Fumo Liyongo: mwanawe kamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba, naye kafa amepiga goti, upinde mkononi, na watu hawathubutu kwenda kisimani. Bibi hakutueleza kukosa maji ni shida gani. Kisima kilikuwa pale nyuma ya nyumba, tukikiona.

Nadhani Le Guin aliupata ujuzi huu nyumbani. Baba yake, Alfred Kroeber, alikuwa mwanaanthropolojia aliyekusanya masimulizi ya wenyeji asilia wa California. Binti alijua kwamba masimulizi ya watu hayafiki yakiwa na maelezo pembeni.

Lakini iliyoniumiza ni ya sura ya tisa. Kufikia hapo Estraven, waziri mkuu wa nchi aliyofikia Genly, ameshafukuzwa nchini kwa usaliti, na Genly hamwamini. Mimi pia sikumwamini. Ndipo inakuja ngano ya Estraven mwingine, wa zamani, kutoka ukoo uliopigania ardhi na jirani zao vizazi na vizazi. Huyu aliigawa ile ardhi, akawapa maadui nusu, vita vikaisha. Watu wake wakamwita Msaliti. Hata hivyo, inasema ngano, watoto wa pale bado wanapewa jina lake, Therem.

Waziri naye jina lake ni Therem. Mara ya kwanza nililipita jina hilo bila kuliona, nikaendelea kumshuku kurasa nyingi pamoja na Genly.