Nyota katolewa, na hajakosa kitu

Shemeji yangu ni Yanga damu. Kwake yeye mchezaji akitolewa uwanjani kuna mawili: ameumia, au kocha ana lake jambo. Ndiyo maana Super Bowl ya Februari 2025, fainali ya ligi ya mpira wa Kimarekani, tuliyoiangalia kwake Tabata kuanzia saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, ilimpa tabu. Kila akianza kulizoea jitu moja la mstari wa mbele wa ulinzi wa Philadelphia Eagles, linatoka, linaingia jingine. "Sasa huyu kakosa nini?"

Hajakosa kitu, shemeji. Anavuta pumzi.

Hebu mtazame mmoja tu. Mtu ana kilo 140 na ushee, kainama, vidole vya mkono mmoja vimegusa nyasi. Mpira ukianza anajirusha kwa nguvu zote kwa mtu mzito kama yeye, mara nyingine wawili, wanakabana mikono na vifua, na akichomoka hapo amfukuze kwotabeki, yule mpiga pasi wa wapinzani. Sekunde tatu, nne, imekwisha. Anajizoa, anarudi kuinama tena. Akifululiza hivyo mara sita au saba, hatua yake ya kwanza inakuwa nzito, na kwa nafasi ile hatua ya kwanza ndiyo kazi yenyewe. Akichelewa kidogo tu, pasi imeshaondoka. Kwa hiyo nyota aliyekata pumzi namweka nyuma ya mtu wa akiba mwenye mapafu mabichi, na sioni haya kusema hivyo.

Sheria yao inaruhusu. Tangu 1950 sabu hazina kikomo, na aliyetoka anarudi muda wowote kabla mchezo unaofuata haujaanza (mchezo kwao ni kile kipande kimoja cha sekunde chache, si mechi nzima). Mimi niliwahi kuendesha daladala ya Mbagala. Jua likishapiga vya kutosha, deiwaka anapokea usukani, nakula, narudi. Hakuna abiria aliyewahi kuniuliza kama nimefukuzwa kazi.

Usiku ule Patrick Mahomes, kwotabeki wa Kansas City Chiefs, aliangushwa na mpira mkononi mara 6. Kilichonikosha ni kwamba Vic Fangio, kocha wa ulinzi wa Eagles, hakuhangaika kuongeza watu wa kumkimbilia. Wale wanne wa mbele walimaliza shughuli, wengine saba wakabaki nyuma kuziba njia za pasi. Mapumziko ilikuwa 24-0, ikaisha 40-22, ya Eagles. Josh Sweat alimwangusha mara mbili na nusu (hiyo nusu ni ya kugawana na mwenzake), Milton Williams mara mbili. Huyo Williams msimu ule alikuwa wa kupokezana tu. Mwezi uliofuata New England Patriots wakampa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 104. Sasa njoo uniambie habari za kusugua benchi.

Ila benchi nalo lina mwisho wake. Februari 2017 Atlanta Falcons waliongoza 28-3 kwenye fainali kama hiyo dhidi ya Patriots. Mbele walikuwa moto: walimwangusha Tom Brady, kwotabeki wa Patriots, mara 5, Grady Jarrett peke yake mara 3. Lakini washambuliaji wao wenyewe walikuwa wakipoteza mpira haraka, ulinzi unarudishwa uwanjani kabla haujakaa vizuri. Patriots wakacheza michezo 93 siku hiyo. Hata ungekuwa na vikosi viwili vya kupokezana, michezo 93 inavunja mgongo. Ikaisha 34-28, ya Patriots, dakika za nyongeza.

Na kuna ujanja wa kuwanyima hata hiyo nafasi ya kupumua. Wanaoshambulia wakifanya sabu, mwamuzi lazima awape walinzi muda wa kufanya yao. Lakini washambuliaji hao wakiamua kutofanya sabu, wanapanga mstari haraka na kuanza, na wale walinzi wanne waliochoka wamenasa humo ndani, mikono kiunoni, kocha anapiga kelele pembeni na hana la kufanya. Hapo ndipo utaona jitu zima limekamatwa na msuli ghafla, liko chini, linashika mguu. Ligi imeshazionya timu kuhusu maigizo hayo. Shemeji hilo hakuhitaji kufafanuliwa. Makipa wa ligi yetu walishamsomesha zamani.