Mama alipoisahau mbalamwezi

Nilijua kuna jambo siku mama alipokwenda mwaloni, wanakoshukia wavuvi, mwezi ukiwa mpevu.

Kwa asiyejua dagaa hilo si kitu. Dagaa wa ziwa letu, Viktoria, huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani karabai, siku hizi za sola. Mwezi ukikomaa taa haina kazi, mitumbwi inavutwa juu na wavuvi wanashona nyavu. Mama amenunua dagaa Igombe, hapa Mwanza, tangu mimi sijaanza darasa la kwanza, na hesabu ya mwezi alikuwa nayo kama alivyo na jina lake. Usiku ule wa mwaka 2023 alitoka saa tisa na ndoo zake mbili. Kijana wa bodaboda alimkuta amekaa ukingoni mwa mtumbwi, anasubiri. "Bibi, na mbalamwezi hii watatoka wapi?" Akajibiwa kwamba boti zimechelewa.

Niliposimuliwa nilicheka kwanza. Halafu yakaanza kunijia mengine niliyokuwa nimeyapuuza. Mama hakuwahi kuwa na daftari la madeni, daftari lilikuwa kichwa chake, na wateja wa Kirumba walimwogopa kwa hilo. Sasa alikuwa amemlipa mvuvi mmoja mara mbili kwa mzigo ule ule, na mvuvi mwenyewe ndiye aliyerudisha hela. (Watu wa hivyo bado wapo, namshukuru.)

Kilichonitisha zaidi hakikuwa ugonjwa. Huku kwetu Usukumani, bibi mwenye macho mekundu anayetembea usiku ana jina lake, na si jina la ugonjwa. Macho ya mama ni mekundu kwa sababu alikulia kwenye moshi wa kubanika furu, samaki wadogo wa ziwani, kabla sangara hajawamaliza. Vikongwe wameuawa Kanda ya Ziwa kwa macho kama hayo. Kwa hiyo kabla ya daktari nilikwenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, kisha kwa mama wa jumuiya, nikawaambia wazi: mama anaumwa ubongo, akionekana usiku nipigiwe simu. Niliona aibu. Lakini ningekuwa na hatua moja tu ya kumshauri mtu, ingekuwa hiyo.

Zahanati ya kwanza walisema ni uzee, wakampa vitamini. Ya pili wakampa dawa ya malaria bila kumpima. Siwalaumu kwa kufikiria malaria; homa au UTI inaweza kumchanganya mzee kwa siku moja tu, na hilo ni la kwanza kuangaliwa. Ila si wangepima?

Mwisho tukapata rufaa ya hospitali ya Bugando. Daktari kijana alimwamkia shikamoo, akaongeza "mwangaluka" kwa Kisukuma kibovu, mama akacheka. Nilitegemea mashine kubwa. Yeye akatoa njiti nne za kiberiti, akazipanga mezani, akazivuruga, akamwomba mama azipange vile vile. Mikono ile inayochambua dagaa na mchanga bila kuangalia ilizishika njiti, ikazigeuza, ikaziweka moja moja ndani ya kiberiti. "Zinapotea hizi, mwanangu." Akaulizwa daraja ni nini. "Si lile la Busisi? Bado halijaisha." Wakati ule kweli lilikuwa halijaisha. Lakini kati ya maneno kumi aliyosomewa, baada ya muda mfupi alikumbuka moja.

Baadaye nilisoma kwamba kipimo kile kizima, cha njiti, daraja na maneno kumi, kilitengenezwa hapa hapa Tanzania, wilayani Hai, kwa ajili ya wazee ambao hawakuwahi kushika kalamu. Vipimo vya Ulaya vinamtaka mzee achore saa ya ukutani, na mama aliacha shule darasa la nne, saa yake ni jua. Huko Hai watafiti walipita kijiji kwa kijiji mwaka 2010 wakakuta kuwa kati ya watu wa miaka 70 na zaidi, 6.4% wana dimentia, yaani ugonjwa wa ubongo unaoondoa kumbukumbu na akili. Kila mia moja, sita. Ina maana Igombe mama hayuko peke yake, ila wengine wamefichwa ndani.

Daktari alisema inaelekea ni Alzheimer. Protini zinazoitwa amiloidi na tau zinajikusanya kwenye ubongo miaka 15 au 20 kabla dalili hazijaonekana, na sehemu inayoshika mambo mapya huguswa mapema. Ndiyo maana mama hajui kama amekunywa uji, lakini MV Bukoba ilipozama Mei 1996 anakusimulia mpaka rangi ya kanga aliyokuwa amejifunga.

Sasa nije kwangu. Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Kila mwaka nachora ubaoni njegere za Mendel na watoto wenye selimundu: baba anabeba, mama anabeba, mmoja kati ya wanne anaugua. Usiku ule niliporudi nyumbani nilijichora mimi mwenyewe ubaoni. Kila nikisahau funguo nilisema imeanza. Kaka yangu yuko Dar, akasoma habari za jeni iitwayo APOE, aina ya e4, akapendekeza tuchange tupeleke mate nje ya nchi tupimwe wote, watoto pia.

Nilitumia likizo nzima ya Desemba kusoma. Kosa langu lilikuwa kuifikiria e4 kama selimundu. Selimundu ukirithi nakala mbili, unaugua. E4 haiko hivyo: inaongeza uwezekano, haitoi hukumu, na wapo wenye nakala mbili wanaozeeka na akili zao. Familia ambazo jeni moja inaleta ugonjwa moja kwa moja zipo, kubwa inayojulikana iko Kolombia, ambako kumbukumbu huanza kuyumba kwenye miaka ya arobaini. Lakini hao ni chini ya mmoja katika wagonjwa mia. Na hata huko, mwaka 2019 wanasayansi walieleza juu ya mwanamke aliyebeba jeni hiyo mbaya akafika miaka ya sabini kabla ya kuanza kusahau, kwa sababu alikuwa pia na badiliko jingine adimu kwenye APOE yenyewe. Jeni moja inamsukuma, nyingine inamshika mkono. Hiyo njegere haiwezi kuifundisha.

Kilichonimaliza wasiwasi kilitoka Nigeria. Kuanzia mwaka 1992 watafiti waliwafuatilia Wayoruba wa Ibadan na Wamarekani weusi wa Indianapolis kwa vipimo vinavyofanana. Matokeo ya mwaka 2001 yalionyesha kuwa Alzheimer mpya kwa mwaka ilikuwa 1.15% Ibadan na 2.52% Indianapolis. Na e4, inayotisha sana Ulaya, kwa Wayoruba haikuonyesha nguvu hiyo. Nikampigia kaka: karatasi tutakayoletewa itakuwa imesomwa kwa hesabu za Wazungu. Akabisha. Akarukia dawa mpya, lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023. Nikamwambia ni ya walio mwanzoni kabisa, kwenye majaribio ilitundikwa kwa dripu kila wiki mbili, ilipunguza kwa 27% kasi ya akili kushuka katika miezi 18, na inaweza kuvujisha damu kwenye ubongo. Akanyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo hela hii tufanyie nini?"

Masikio. Mama alikuwa hasikii vizuri miaka mingi, sisi tukasema ni kelele za mashine za kusaga. Ripoti ya jarida la kitabibu la Lancet ya mwaka 2024 inataja mambo 14 yanayochangia dimentia na kusema karibu 45% ya wagonjwa wangeweza kukingwa au kucheleweshwa. Kutosikia ni moja ya makubwa. Utafiti wa mwaka 2023 uliowapa wazee mashine za kusikia haukuleta tofauti kwa kundi zima, ila kwa wale waliokuwa kwenye hatari zaidi kasi ya kushuka ilipungua karibu nusu. Sikutegemea miujiza. Daktari wa masikio alitoa kwanza nta, donge jeusi kama punje ya kahawa, kisha tukanunua shimesikio moja, yaani mashine ya kusikia, kwa hela ya mate. Siku ya kwanza mama alikaa barazani akauliza, "Hao ndege wamekuja lini?"

Kumbukumbu hazijarudi, nisidanganye. Lakini alikuwa akidhani tunamsengenya, sasa anasikia tunazungumzia bei ya unga. Presha nayo imo kwenye yale 14, kwa hiyo yake naipima mwenyewe kila Jumapili. Yangu pia, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mimi, niliyekuwa naogopa jeni, nina 150 kwa 95. Natumia vidonge.

Kazi ngumu imebaki jioni. Jua likizama anaanza kutafuta ndoo. Mwanzoni nilibishana naye: mama, uliacha biashara, mama, wewe unaumwa. Tukaishia kulia wote wawili. Sasa nina kalenda ya mwezi kwenye simu. Akiuliza kama boti zimetoka, na mwezi ni mkubwa, namwambia, "Mbalamwezi leo, mama, hawaendi." Anaangalia juu, anaridhika, anavua viatu.

Usiku wa giza siwezi kumwambia hivyo. Namfunga kanga begani, tunashuka hadi ufukweni, tunakaa kwenye mtumbwi mbovu. Taa zimetapakaa ziwani kama mji. Anazihesabu kwa Kisukuma, anapotea katikati, anaanza upya. Karibu saa nne anasema wamepata, twende tukalale.